Ugumu tunaukubali, usumbufu hapana: magemu saba ya konsoli na pale yanapokwaza

Gemu la konsoli hukutesa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ugumu: bosi anakuua mara kumi, na kila ukifa unajua kosa lilikuwa la mkono wako. Ya pili ni usumbufu: unafungua menyu ileile mara arobaini, unakodolea macho skrini nyeusi, au unabonyeza kitufe na mhusika anafanya jambo usilomtuma. Magemu yaliyomo hapa yote ni mazuri, na tungemshauri yeyote ayacheze. Tunayapima kwa mizani hiyo moja, na mara nyingi toleo linalofuata ndilo shahidi: kile ambacho watengenezaji walikirekebisha wenyewe kilikuwa usumbufu, na kile walichokiacha kilikuwa ugumu walioukusudia.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild

Lilitoka 3 Machi 2017, kwa konsoli za Nintendo, Switch na Wii U, siku moja. Kinacholiinua ni kwamba dunia yake ina sheria, na sheria hizo haziachi kufanya kazi hata pale ambapo hakuna anayekuelekeza. Moto huchoma nyasi, na nyasi zikiwaka hutoa upepo wa kukupaisha juu ukifungua mwavuli wa kuelea. Chuma huvuta radi. Ukisikia upanga unatoa cheche wakati wa ngurumo, uvue mara moja, au umrushie adui ili radi impige yeye.

Saa za mwanzo unazitumia kwenye uwanda wa Great Plateau, wenye mahekalu madogo manne. Ukiyamaliza unakuwa na mabomu, sumaku, uwezo wa kukisimamisha kitu kwa muda, na uwezo wa kuotesha nguzo za barafu juu ya maji. Kisha unapewa mwavuli wa kuelea angani, na kuanzia hapo hukatazwi kwenda popote, hata kwa bosi wa mwisho. Zana za kufumbulia mafumbo yote unakuwa nazo tayari, kwa hiyo ukikwama ujue tatizo ni wazo, si kifaa kilichofichwa mbali.

Wengi hulalamikia silaha kuvunjika. Hapa tunalitetea gemu. Silaha inayovunjika ndiyo inayokulazimisha kusukuma jiwe mlimani, kuchoma kambi, au kumnyang'anya adui rungu lake. Anayeteseka zaidi ni yule anayehifadhi silaha nzuri kwa ajili ya siku ambayo haifiki. Zitumie. Kadiri unavyoua maadui, ndivyo gemu linavyoanza kukuwekea silaha bora zaidi, na mwezi mwekundu ukitokea usiku wa manane huwarudisha maadui pamoja na silaha zao. Pigo linalovunja silaha lina nguvu maradufu, kwa hiyo ukiona onyo kwamba silaha iko karibu kuisha, mrushie adui usoni badala ya kuiweka. Upanga wa Master Sword hauvunjiki kabisa. Ukichoka hupumzika dakika 10. Ila huwezi kuung'oa kabla ya kuwa na mioyo 13 halisi, na mioyo ya njano inayotokana na chakula haihesabiwi.

Mvua ni suala jingine. Unapanda mwamba, unateleza, unarudi chini. Dawa yake ni kupanda hatua nne hivi kisha kuruka, na kurudia mwendo huo. Hula pumzi nyingi lakini hufikisha. Kama ni mwamba mrefu, afadhali uwashe moto chini ya kitu kinachokinga mvua usubiri hadi asubuhi.

Kupika, kwa upande wake, ni usumbufu mtupu. Hakuna daftari la mapishi. Kila sahani unaingia kwenye mfuko, unachagua viungo kimoja kimoja, unavibeba mkononi, unatoka, unavitupa sufuriani. Ukitaka sahani kumi unafanya hivyo mara kumi. Kwa kuwa hakuna njia ya mkato, pika kidogo na upike vya maana: tunda moja tu la Hearty Durian hurudisha mioyo yote na kuongeza minne ya ziada, bila kiungo kingine chochote. Usichanganye viungo vyenye nguvu tofauti, kwa mfano cha kukinga baridi na cha kuongeza mbio, maana hubatilishana na unabaki na chakula cha kawaida. Tears of the Kingdom, lililotoka 12 Mei 2023, lilileta orodha ya mapishi. Silaha ziliendelea kuvunjika, ila sasa unaweza kuziunganisha na pembe, mawe na takataka nyingine. Wenyewe wanajua kipi kilikuwa kosa.

Mbegu za Korok, viumbe wadogo wa msituni waliojificha kote duniani humo, ziko 900. Usizitafute zote. Mbegu 441 zinatosha kufungua nafasi zote za mfuko, na zawadi ya kukusanya 900 haina faida yoyote kwenye mchezo. Kasoro inayouma zaidi ni wanyama wanne wa mitambo: ndani wanafanana rangi na umbo, na mabosi wao nao ni ndugu wa tumbo moja. Katika gemu lenye mahekalu 120 yaliyojaa ubunifu, sehemu zilizopaswa kuwa kilele zimekuwa za kawaida. Kwenye Switch ya kwanza fremu ni 30 kwa sekunde na hushuka waziwazi katika msitu wa Korok. Toleo la Switch 2 hukimbia kwa fremu 60.

Bloodborne

PS4, Machi 2015, kazi ya FromSoftware chini ya Hidetaka Miyazaki. Kama kuna gemu moja kwenye orodha hii linalofundisha ujasiri kwa vitendo, ni hili. Ukipigwa, sehemu ya damu uliyopoteza hubaki kwenye mstari kwa muda mfupi, na ukimrudishia adui kipigo kabla haijafutika unairejesha. Mwili wako unataka kukimbia, sheria inakuambia songa mbele. Hakuna ngao ya maana ya kujifichia. Bunduki ya mkono wa kushoto si ya kuulia, ni ya kuvunjia mashambulizi: fyatua kwa L2 (L na R ni vitufe vya nyuma ya pedi, kushoto na kulia) pale silaha ya adui inapoanza kukushukia, si anapoinua mkono. Akipiga goti, simama mbele yake karibu kabisa na ubonyeze R1.

Mgeni ataona cha mtema kuni katika mitaa ya Central Yharnam, na sababu mojawapo haielezwi popote: huwezi kupanda levo mpaka uwe na Insight (alama ya utambuzi) angalau moja. Mtu anaweza kukusanya maelfu ya Blood Echoes, alama unazopata kwa kuua maadui, na asijue pa kuzitumia. Nenda ukamwone yule mnyama wa darajani, Cleric Beast. Si lazima umshinde; kumfikia tu kunakupa Insight, na ukirudi kwenye ndoto, makao yako salama, mwanasesere anayekupandisha levo anakuwa ameamka. Mapema weka alama kwenye Vitality, yaani uhai wako, maana pigo mbili zisipokuua unapata nafasi ya kujifunza.

Father Gascoigne ndiye mtihani wa kwanza wa kweli. Mawe ya makaburi humzuia kidogo, kwa hiyo zunguka huku jiwe likiwa kati yenu. Kabla ya kwenda kwake, zungumza na msichana wa dirishani anayekupa kisanduku cha muziki. Ukikipiga, Gascoigne hushika kichwa na unapata sekunde kadhaa za kumshambulia. Akigeuka mnyama, chupa za moto humuumiza sana, basi usizimalize kwa maadui wadogo njiani.

Huo wote ni ugumu halali. Usumbufu wa kwanza ni vichupa vya damu. Unabeba 20, ukivimaliza kwa bosi unarudi kuvitafuta mtaani, na bei yake dukani hupanda kadiri hadithi inavyosonga. Maana yake anayeshindwa ndiye anayeadhibiwa kwa kazi ya kibarua. Nunua vingi mwanzoni vikiwa rahisi uviweke ghalani; ukipungukiwa, yale majitu yenye matofali ya Central Yharnam mara nyingi hudondosha vichupa. Usumbufu wa pili ni taa. Ukifika kwenye taa huwezi kupumzika hapohapo. Lazima uende kwenye ndoto kisha urudi, na hizo ni skrini mbili za kusubiri. Kwenye PS5 kusubiri kunapungua, lakini fremu zinabaki 30 na hazitoki kwa mpangilio sawa, kwa hiyo kamera ikizunguka utahisi mkwaruzo. Usitafute mpangilio wa kuuondoa, haupo.

Kuna onyo moja ambalo kila mchezaji apewe mapema: ukimaliza bosi wa mwisho, gemu linaanza upya papo hapo kwa ugumu mkubwa zaidi, bila kukuuliza. Kama umenunua nyongeza ya The Old Hunters, imalize kabla hujazungumza na Gehrman chini ya mti. Mlango wake hufunguka baada ya kumshinda bosi Vicar Amelia na kugusa fuvu lililo nyuma yake: chukua jicho kwenye ndoto, nenda Oedon Chapel, toka mlango wa kushoto, na mkono usioonekana utakunyakua.

Elden Ring

Ni wale wale watengenezaji, 25 Februari 2022, na hapa waliponya donda moja kubwa. Karibu na mabosi wengi kuna sanamu za Marika: ukifa unafufukia hatua chache kutoka mlangoni, badala ya kukimbia tena kupita maadui kumi na watano. Ukikwama kwa Margit, bosi mkubwa wa mwanzo, geuza farasi uelekee kusini, Weeping Peninsula. Makanisa yake yana machozi matakatifu ya kuongeza nguvu ya chupa zako za kujiponya, na utarudi na levo za kutosha. Vigor, kipimo cha uhai, ya 40 ni lengo zuri katikati ya safari. Ikipita 60 faida huwa ndogo mno.

Kasoro yake ni wingi. Makaburi na mapango mengi yamejengwa kwa vipande vilevile, na bosi uliyemshangilia saa ya tano unakutana naye tena saa ya hamsini, safari hii wakiwa wawili. Wa PS5 wana jambo la kufahamu kabla hawajaanza: toleo la PS4 likichezwa kwenye PS5 hushika fremu 60 kwa uthabiti kuliko toleo la PS5 lenyewe. Rekodi ya PS4 inaweza kuhamishiwa PS5, lakini haiwezi kurudi, kwa hiyo amua mwanzoni.

God of War (2018)

Kamera haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Hadithi nzima inaonekana kama picha moja ya kamera isiyokatwa, begani mwa Kratos, mhusika mkuu. Shoka la Leviathan ndilo silaha tamu kuliko zote tulizoshika kwenye pedi: ukilirusha na kulirudisha kwa kitufe cha pembetatu, mtetemo hukupa uzito wake kiganjani. Lakini kamera ya begani inamaanisha huoni nyuma. Soma mishale inayomzunguka Kratos: mweupe ni adui aliye karibu, mwekundu anakaribia kupiga, wa zambarau ni kitu kinachorushwa. Kitufe cha mshale wa chini humgeuza nyuma mara moja, na wengi humaliza gemu bila kukigusa.

Udhaifu ni mabosi. Ukitoa joka na wachache wengine, utapigana na jitu lilelile lenye nguzo ya mawe mara nyingi mno, likibadilishwa rangi tu. Toleo lililofuata, Ragnarök la Novemba 2022, liliongeza aina za maadui, ila likaleta kero mpya: wenzako wanakutajia jibu la fumbo kabla hujalitazama vizuri.

Red Dead Redemption 2

Hapa mizani yetu inapata kazi ngumu. Gemu hili la Rockstar la 26 Oktoba 2018, lenye sura sita na hitimisho la sehemu mbili, lina ulimwengu hai kuliko mengine yote hapa. Watu wa kambini wanagombana, wanapatana na kuimba usiku bila wewe kuhusika. Farasi anayekuamini huvumilia milio ya bunduki, na asiyekuzoea hukuangusha. Mzoga ukiubeba siku nzima huoza na nzi huufuata. Arthur Morgan ni mhusika aliyeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na mabadiliko yake yanaonekana hata kwenye maandishi ya daftari lake. Lifungue mara kwa mara.

Na bado mkononi ni zito. Arthur anaanza kutembea nusu hatua baada ya kusukuma kijiti, na kila droo anaifungua kwa utaratibu wake. Polepole hiyo tunaikubali, kwa kuwa ndiyo pumzi ya hadithi. Isiyokubalika ni vitufe vyenye kazi mbili. L2 ukiwa mikono mitupu ni ya kumtazama mtu umsalimie. Ukiwa na bastola mkononi ni ya kumlenga. Umekuja dukani kusema hujambo, unajikuta unasakwa na polisi. Jizoeze kurudisha silaha kwenye ala kila unapoingia mjini. Vilevile bunduki ndefu hubaki kwenye tandiko: kabla ya kushuka, shikilia L1 uzichague, la sivyo utaingia kwenye misheni na bastola peke yake.

Uzito wa pedi unaweza kuupunguza. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, shusha eneo mfu la kijiti (umbali wa kukisukuma kabla gemu halijaitikia) kwa kutembea na kwa kulenga, kisha pandisha kasi ya kuongezeka kwa mwendo wa kamera. Hakikisha pia televisheni iko kwenye hali ya michezo. Bila hiyo, ucheleweshaji wa skrini huongezeka juu ya ule wa gemu, na hili ni la kufanya kwa magemu yote hapa.

Safari za mbali hufupishwa na ramani ya kambini, ambayo haiji bure wala haitajwi kwa uwazi. Kwenye daftari la michango ya kambi, katika sura ya pili, lipia kwanza makazi ya Dutch, kiongozi wa genge, kisha makazi ya Arthur. Ramani hiyo hukupeleka tu, haikurudishi. Njia nyingine ni kuweka alama kwenye ramani, kumwendesha farasi kwa kasi barabarani, halafu kushikilia paneli ya kugusa: kamera ya sinema inafunguka na farasi anafuata njia mwenyewe.

Kosa ambalo hakuna mpangilio wa kulirekebisha ni misheni. Dunia imekupa uhuru wote, halafu misheni ikianza unaambiwa umeshindwa kwa sababu umepitia mlango wa nyuma. Ukitaka kumzunguka adui, gemu linahesabu umewatelekeza wenzako. Inasikitisha kwa kuwa mazungumzo ya ndani ya misheni hizo ni ya hali ya juu. Kwa wanaonunua diski: ziko mbili, moja ya kusakinishia na moja ya kuchezea, na inahitajika nafasi ya zaidi ya gigabaiti 100.

Super Mario Odyssey

Oktoba 2017, fremu 60, na kila kona ina kitu cha kufurahisha. Kwa mtoto au anayeanza, washa hali ya usaidizi: mioyo inakuwa sita na ukitumbukia shimoni unarudishwa juu. Kasoro ni moja lakini ni ya makusudi: baadhi ya mirusho ya kofia inahitaji kutikisa pedi, na hakuna njia ya kuipa kitufe. Ukicheza ukiwa umeishika konsoli yenyewe, unaitikisa pamoja na skrini unayoitazama. Chezea kwenye televisheni, pedi moja kila mkono. Na usikeshe kwa ajili ya kuruka kamba mara 100. Mwezi (Power Moon, kitu unachokusanya kwenye gemu hili) unaoupata hapo ni mmoja tu kati ya mamia.

EA Sports FC

Ushirikiano wa kampuni ya EA na FIFA, ulioanza na gemu la kwanza la kandanda la FIFA mwaka 1993, uliishia FIFA 23, na FC 24 ikatoka 29 Septemba 2023 kwa jina jipya. Uwanjani bado ni gemu zuri la kukaa wawili kwenye kochi moja: leseni za ligi, majina halisi, na tofauti ya kweli kati ya winga mwepesi na beki mzito. Wanaofungwa mabao mengi hukosea jambo lilelile: wanakimbiza mpira na beki wa kati huku wamekandamiza mbio. Shikilia L2 ili beki atembee ubavu akimkabili mshambuliaji, funga njia ya pasi, na bonyeza duara pale tu mpira unapoachana na mguu wake. Badilisha mchezaji kwa kijiti cha kulia, na kwenye mipangilio punguza ubadilishaji wa kujiendesha ubaki kwenye mipira ya juu peke yake. Kwa mechi za mtandaoni tumia waya badala ya Wi-Fi. Pasi inayochelewa mara nyingi ni mtandao, si kidole.

Usumbufu wa Ultimate Team, sehemu ya kujenga kikosi chako mwenyewe, hautokani na bahati mbaya ya ubunifu. Pakiti za wachezaji zinafunguliwa kwa kubahatisha, mchezaji unayemtaka anaweza asitoke hata baada ya pakiti nyingi, na toleo la mwaka unaofuata likija kikosi chako hakiji nalo. Unaanza sifuri. Ubelgiji, tume ya michezo ya kamari iliziona pakiti hizo kuwa kamari, na Januari 2019 EA iliacha kuuza pointi zake huko. Magemu mengine hapa yakikuchosha, yamekosea. Hili likikuchosha, kuna kitufe cha kulipia karibu.

Hali ya kocha na mechi za kirafiki zina raha ya kutosha bila hata senti ya ziada. Kama konsoli inatumiwa na watoto, fanya haya kabla diski haijaingia: ondoa kadi ya benki kwenye akaunti, washa sharti la nenosiri kwa kila ununuzi, mtengenezee mtoto akaunti yake chini ya yako, na weka kikomo chake cha matumizi ya mwezi kuwa sifuri.